Mvua ya Ororo

Kanuni ya kwanza ya kibanda umiza ni kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa minyororo, hata kutupwa mtoni akiwa ndani ya gunia, lakini kila mtoto wa Chang'ombe au Chamwino hapa Dodoma aliyewahi kutoa shilingi mia mbili mlangoni na kubanana na wenzake kwenye benchi mbele ya televisheni anajua kwamba jamaa ataibuka. Asipoibuka, basi hakuwa steringi, tulimdhania tu. Kanuni hii haikuandikwa popote na haikuhitaji kuandikwa. Ilitulinda tusilie mbele za watu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu mvua na njaa katika Ugogo. Pia napenda supahero kuliko aina nyingine yoyote ya wahusika, na sijaona sababu ya kuacha kuwapenda kwa kuwa nimefika chuo kikuu. Rafiki mmoja ninayesoma naye huniambia kwamba huo ni utoto, na siku akiamka vibaya huniambia ni ukoloni wa akili: mtu anaacha mashujaa wa kwao, anakwenda kumshangilia mzungu aliyevaa chupi juu ya suruali. Hoja yake si ya kupuuzwa. Ila anadhani mambo haya yalianza na Marvel na simu za mkononi, na hapo ndipo ninapobishana naye.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakiazimana jarida la African Film, la kampuni ya Drum. Ndani yake hakukuwa na michoro. Zilikuwa picha za kamera zilizopangwa kama katuni, maneno yakiwa yameandikwa juu yake, na steringi wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia, sigara na gari la kifahari. Watu walimwita Spear tu. Picha hizo zilikuwa zikipigwa kusini mwa Afrika, kwenye kivuli cha ubaguzi wa rangi, lakini msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliona mtu mweusi anayeshinda, basi. Hapa kwetu Faraji Katalambulla, ambaye alikuwa ameshaandika Simu ya Kifo mwaka 1965, akaanzisha jarida la namna hiyo hiyo, Film Tanzania. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaingia mjini: mpelelezi wa serikali anayelinda ukombozi wa Afrika huku akipenda suti nzuri. Gamba haruki angani wala hatoi moto machoni, lakini risasi humkwepa kwa namna ambayo mwalimu wa fizikia asingeweza kuieleza. Kwangu mimi huyo ni supahero asiye na sare.

Kwenye katuni zetu mambo yalikwenda kinyume. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Philip Ndunguru katika jarida la Sani, hawakuwa mashujaa hata kidogo. Walikuwa watu wa mtaani, wajanja wa mjini wanaoumbuka kila wiki. Tuliwacheka kwa sababu tuliwajua, na mimi naamini Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana mdogo, ni mmoja wa wachoraji bora waliowahi kutokea nchini. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wa Kitanzania aliyetaka kucheka alikuwa na wa kwao, na aliyetaka kuokolewa ilimbidi aazime. Kwa hiyo kanda za video zilipoenea zilikuta mlango umeshafunguliwa. Wakaja watafsiri, kina Lufufu na DJ Mark, wakarekodi sauti zao juu ya filamu za Hong Kong, India na Hollywood, wakieleza, wakitania, wakimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Aliyeazimwa akaanza kusema Kiswahili.

Mimi nilimwazima Storm.

Kwa asiyemjua: Storm ni mmoja wa X-Men, mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamuru upepo, radi na mvua. Alibuniwa Marekani na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, akatokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo la Giant-Size X-Men namba 1. Jina lake ni Ororo Munroe. Baba yake ni mpiga picha wa magazeti kutoka Harlem, mama yake ni binti wa ukoo wa kitawala wa Kenya. Wazazi wanafariki Cairo nyumba inapoangukiwa na ndege wakati wa vita vya Suez, mtoto anafukiwa kwenye kifusi pembeni ya maiti ya mama yake, na tangu hapo haivumilii sehemu iliyofungwa. Anakua akiwa mwizi katika mitaa ya Cairo, kisha anatembea kwa miguu kuelekea kusini mpaka nyika za Serengeti, ambako watu wanamchukua kuwa mungu wa kike wa mvua. Ukiisoma hadithi hiyo ukiwa Tanzania utagundua kwamba waandishi hawakujisumbua sana kujua mpaka wetu na Kenya unapita wapi. Nimewasamehe. Ambacho bado nawadai ni mahari: mwaka 2006 walimwoza kwa T'Challa wa Wakanda kwa sherehe kubwa, na hakuna aliyetuambia ng'ombe walikuwa wangapi.

Nilimpenda kwa sababu rahisi. Nimekulia mahali ambapo watu wakikutana Januari wanasalimiana kisha wanatazama juu. Spiderman anaruka kwenye maghorofa, na maghorofa hatukuwa nayo. Batman ana fedha. Huyu alikuwa na mvua.

Lakini kuna ukurasa mmoja wa toleo lile la 1975 ambao siku hizi siwezi kuupita kama nilivyoupita nikiwa mdogo. Watu wa kijiji wamekuja kumwomba. Ukame umewaelemea, mazao yanakufa. Ororo anapaa, mawingu yanakusanyika, mvua inanyesha. Kisha anatokea Profesa Xavier, mzee mwenye upara kwenye kiti cha magurudumu, anamweleza kwamba yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na vinasaba tofauti, na kwamba dunia nzima inamhitaji. Ororo anakubali. Anaondoka naye kwenda Marekani, na hadithi inaondoka naye.

Na wale wanakijiji? Msimu uliofuata walimwomba nani?

Hilo ni swali la mtu wa historia, nakubali, na pengine ni uonevu kulielekeza kwa katuni. Lakini Ugogo ni mahali ambapo swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa na watu, cheo na madeni.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Wastani nao una hila zake, kwa kuwa mvua yote inaweza kumwagika kwa wiki chache halafu mtama na uwele vikakaukia njiani. Katika nchi ya namna hiyo kila eneo lilikuwa na mtemi wake. Ukisikia neno mtemi usifikirie mfalme mwenye jeshi. Kwa Wagogo mtemi alikuwa kwanza mwangalizi wa ardhi na mvua. Alirithi mawe ya mvua kutoka kwa waliomtangulia katika ukoo wake, na msimu ulipokaribia ndiye aliyepaswa kuwatuma watu kwa mganga, kupokea dawa, kusimamia tambiko na kuruhusu kupanda. Mnyama wa tambiko la mvua alitakiwa awe mweusi, rangi ya wingu lililobeba maji. Mathias Mnyampala, mshairi yule wa ngonjera, ambaye alikuwa mtu wa Ihumwa, aliandika mengi juu ya mila hizi katika kitabu chake cha Wagogo cha mwaka 1954. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye akazichambua kwa undani.

Ninachokiona katika maelezo yao ni jinsi nguvu hiyo isivyokuwa ya mtu. Mawe ni ya ukoo, dawa ni ya mganga wa mbali, ng'ombe mweusi ni wa mwenye zizi, na mvua ikikataa, mtemi ndiye anayeulizwa. Ororo anapaa peke yake na hakuna anayeweza kumuuliza kitu. Mtemi haendi popote. Hata nguvu yake ya kidunia ilikuwa imefungwa kwenye maji: karne ya 19 misafara ya kati ya pwani na Unyanyembe ilikuwa haina budi kupita Ugogo, na visima vilikuwa na wenyewe. Burton na Speke walilipa hongo mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871, Mvumi ikiwemo, na alinung'unika vilivyo.

Kuna jambo jingine katika maandishi ya Rigby ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Nchi ilipoharibika, mvua zikienda vibaya au ng'ombe wakishikwa na ugonjwa, ilikuwa inafika siku wanawake wanavaa mavazi ya wanaume. Wanashika mikuki na fimbo. Wanawapeleka ng'ombe machungani, kazi ambayo si yao, na wanaume wanabaki nyumbani. Kisha wanawake hao wanaubeba uchafu wa nchi, yaani ule mkosi wenyewe, wanakimbia nao na kuutupa ng'ambo ya mpaka upande wa magharibi, ambako wanawake wa eneo linalofuata wanaupokea na kuuendeleza mbele, mpaka utoke kabisa.

Mavazi ya kujigeuza, silaha, kikosi, adui asiyeonekana, nchi ya kuokoa. Sijui katuni inahitaji nini zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetajwa jina, na jioni waliyavua yale mavazi wakaenda kupika.

Mwaka jana nilikwenda Mvumi kumsalimia bibi yangu mzaa mama, nikiwa na kompyuta na filamu ya X-Men ya mwaka 2000, ile ambayo Halle Berry ndiye Storm. Bibi haoni vizuri lakini anapenda kuambiwa. Nikawa Lufufu wake: huyu ndiye steringi, hawa ndio maadui, huyu mwenye makucha ni mkorofi lakini ana roho nzuri. Tulipofika mahali Storm anapomwinua yule adui mwenye ulimi mrefu kwa upepo na kumpiga radi, nilimwelezea kwa mbwembwe zote nilizozijua. Bibi alisikiliza, akanyamaza kidogo.

"Huyo mama ana mvua?"

"Anayo, Bibi. Akitaka tu inanyesha."

"Na hapo alipo wanalima nini?"

Nikamwambia hawalimi, wapo mjini, wanapigana. Akacheka mpaka akakohoa. Mvua yote hiyo, akasema, na hakuna aliyepanda hata kitalu cha mboga. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kusimulia habari za mama yake wakati wa Mtunya.

Mtunya ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba iliua watu 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Ukisikia njaa Dodoma unafikiria ukame, na kweli ukame ulikuwepo. Lakini kabla mvua haijakataa, vita ilikuwa imeshapita. Wajerumani, wakipigana na Waingereza, walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume kuwa wapagazi. Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaingia Dodoma, nayo yakahitaji ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mtu wa Ugogo alikuwa amezoea mwaka mbaya. Alikuwa na akiba yake: ghala la nafaka, na mifugo ya kubadilishana na chakula kwa jirani aliyepata mvua. Ndiyo akiba iliyobebwa. Mvua zilipokosekana hakukuwa na cha kubadilisha, na wenye nguvu za kulima upya walikuwa wameondoka, wengine wasirudi. Juu ya hapo ukaja ule ugonjwa wa mafua ulioizunguka dunia mwaka 1918.

Baba wa mama yake bibi alikuwa mmoja wa waliochukuliwa kubeba mizigo, na hakurudi. Mama yake bibi alikuwa msichana mdogo. Alikumbuka kuchemsha ngozi ya ng'ombe iliyokuwa ya kulalia. Alikumbuka pia mwanamke wa boma jingine, si ndugu, aliyewapa kibuyu cha uwele na kuwaambia wasimwambie mtu. Bibi hajui jina la mwanamke huyo. Nilimuuliza mara mbili, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kufanya, na mara ya pili alinijibu kwa ukali kidogo kwamba kama angelijua angekuwa amempa mmoja wa watoto wake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimweka Ororo katika Ugogo ya mwaka 1918, kama mchezo wa kichwani. Ananyesha mvua. Vizuri. Nani analima? Mbegu zimeliwa. Wanaume wako kwenye njia za jeshi wakiwa na mizigo kichwani. Na kama akivuna mtu, afisa wa ugavi yuko barabarani. Mvua ya Ororo inashinda adui mmoja, na adui huyo hakuwa peke yake, wala hakuwa ndiye mkubwa. Mtemi mwenye mawe yake alikuwa hoi kwa sababu hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mbingu, na safari hii balaa lilikuja na risiti, au bila hata risiti.

Hapo ndipo ninapoona jambo lilivunjika, na tasnifu yangu inajaribu kulieleza kwa lugha kavu zaidi. Baada ya vita Waingereza waliwahitaji watemi, lakini kwa kazi yao: kukusanya kodi, kuamua kesi, kutoa vibarua. Mtemi Mazengo wa Mvumi alipata heshima kubwa chini ya utaratibu huo, na jina lake lilikuja kupewa shule ya sekondari ambayo wazee wengi wa nchi hii walisoma, pale kilipo leo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mtu yule yule aliyedaiwa mvua na watu wake sasa alikuwa anawadai watu kodi kwa niaba ya wengine. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikaondoa utemi kisheria. Sina hamu ya kuurudisha. Lakini deni la mvua lilikatika hapo katikati, na sijaona ni nani aliyelirithi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, chama kikaamua kwamba Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi. Mji umekuja, wizara zimekuja, treni ya umeme imefika. Januari bado tunatazama juu.

Kwa hiyo rafiki yangu akisema napenda mashujaa wa watu huku nikiwa na wa kwetu, huwa namuuliza ni wapi hao wa kwetu, na anawataja Mkwawa na Kinjekitile. Ni wakubwa, ndiyo, lakini wote ni wanaume wa vita, na wote wawili walikufa. Kwa kanuni ya kibanda umiza hawafuzu. Waliokoa maisha Ugogo hawana sanamu kwa kuwa hawana majina. Supahero ananipa kitu ambacho kumbukumbu za nyaraka hazinipi: sura ya mtu ninayeweza kumuuliza maswali. Nampenda Ororo kwa namna unavyompenda mtu wa familia aliyehamia ng'ambo. Unafurahi ukimwona kwenye picha, na unataka kumuuliza kwa nini hapigi simu.

Nao waandishi wake, angalau mmoja, walijiuliza. Mwaka 1984 Chris Claremont alimnyang'anya Storm nguvu zake. Bunduki ya serikali ilimpiga na mvua ikamtoka mwilini. Mwaka uliofuata, katika toleo la Uncanny X-Men namba 198 lililochorwa na Barry Windsor-Smith, akamrudisha Afrika akiwa mtu wa kawaida. Hakuna adui ndani ya toleo hilo. Anatembea na kiu yake, anamkuta msichana mjamzito, anamfikisha kwao katika nchi iliyokauka, na mtoto anapozaliwa hapumui. Ororo, ambaye hana tena upepo wa kuamuru, anampulizia pumzi ya mdomo wake mwenyewe. Mtoto analia. Kisha mzee wa kijiji anakwenda kukaa peke yake ili afe, kwa sababu ardhi ile haiwezi kulisha mdomo mmoja zaidi, na Ororo anakaa naye.

Kuna mambo ya kukera humo, Afrika ya Mmarekani yenye huzuni za kupendeza. Lakini ni toleo pekee nililosoma ambamo Storm anabaki mahali mpaka gharama ihesabiwe.

Nguvu zake alirudishiwa mwaka 1988, akarudi kwenye vita vyake. Yule mtoto, kwa hesabu ya kalenda, sasa angekuwa na miaka arobaini. Sijawahi kukutana na toleo linalorudi kumtazama, kuona kama alikulia pale au aliondoka, na kama mwaka ule mvua ilinyesha.